Gilasi ya Kwanza ya Dawudi

Tfu. Kimya. Kisha tena, tfu, na maji yakalia ndani ya karai la bati.

Akullo alijitahidi asisikike. Alikuwa amechuchumaa karibu na mlango, mkononi ana kikombe cha chai ya rangi iliyopoa, chai aliyoichemsha jana jioni mpaka ikawa nyeusi tii. Alivuta funda dogo, akalitembeza kutoka shavu hadi shavu, akavuta hewa kidogo katikati ya meno kama alivyofundishwa. Ulimi ukakauka kana kwamba amelamba ganda la ndizi mbichi. Halafu akatema. Nje, mtaa wa Kamwokya ulikuwa bado gizani na hata jogoo wa jirani hajawika.

Nyuma ya pazia kitanda kililia.

"Akullo."

"Mama mdogo."

"Unatapika?"

"Hapana, Mama mdogo. Wewe lala."

Lakini Alum alikwisha kushuka kitandani. Alikuwa mdogo wa marehemu mama yake Akullo, naye ndiye aliyemlea. Alikuja na kibatari, akaangalia karai, akaangalia uso wa binti, kisha macho yake yakashuka hadi tumboni yakakaa pale pale.

"Ya nani?"

"Nini ya nani?"

"Usinifanye mtoto mdogo. Tangu juzi nakusikia. Kila alfajiri, tfu, tfu, tfu. Mimi si mgeni wa mambo hayo. Nakuuliza tu, ya nani?"

Akullo alipoelewa, kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, na hapo ndipo alipoharibu zaidi.

"Unacheka? Msichana anatapika kabla ya jogoo, halafu anacheka!"

"Mama mdogo, sina mimba. Naapa. Hii ni chai. Najifunza kuonja mvinyo."

Katika mambo hayo mawili, ilionekana Alum hajui lipi lina afadhali.

"Mvinyo? Divai ile ya padri?"

"Kama ile, lakini ya hotelini."

"Na padri huwa anatema?"

"Padri anakunywa. Anayeonja anatema, asilewe. Chai kali inakausha ulimi vile vile, ndiyo maana nafanyia mazoezi."

Akamweleza polepole, maana alijua haraka haitasaidia. Kule hotelini kwenye kilima kazi yake ilikuwa kufua na kupiga pasi vitambaa vya meza. Tangu mzee Rebello, Mgoa aliyekuwa mkuu wa vinywaji, alipoondoka na wenzake ule mwaka serikali ilipowafukuza Waasia, hapakuwa na watu wa kutosha kuhudumia mvinyo mezani. Bwana Fabiano, msimamizi wa chumba cha kulia, alikuwa amemwambia: leo mchana utahudumia meza moja. Usipoiaibisha hoteli, utatoka kwenye mvuke wa pasi.

"Na nani anakufundisha?"

Akullo aliinama, akafuta matone sakafuni ambayo hayakuwapo.

"Nimekuuliza."

"Dawudi."

"Dawudi yupi?"

"Dawudi wa Kibuli. Mtoto wa mzee Abudu."

Kibatari kilitua juu ya meza. Alum alivuta kanga akajifunika mabega, ingawa hakukuwa na baridi.

"Mnubi," alisema.

"Mama mdogo..."

"Mnubi! Ulikuwepo siku ile askari wao walipomfuata baba yako mdogo Okot, asirudi tena. Ulisimama hapo hapo ulipochuchumaa. Hukusikia walivyoitana? Hukusikia lugha yao?"

"Nilisikia. Lakini Dawudi hakuwa kwenye gari lile."

"Kaka yake? Binamu yake? Unajua nani alikuwepo?"

"Sijui."

"Hujui. Na yeye anajua kuwa wewe ni mtu wa Lira, wa kabila wanalolisaka?"

Hotelini Akullo alijulikana kwa jina la ubatizo tu, Katarina, na Dawudi hakuwahi hata siku moja kumuuliza kwao wapi. Wengine wote walimuuliza. Yeye hakuuliza, na kwa kutouliza huko Akullo alikuwa ameanza kumpenda, kabla hata ya gilasi ya kwanza kutiwa mvinyo.

"Unampenda," Alum alisema, si kama swali.

"Ndiyo, Mama mdogo."

"Basi leo ndiyo mwisho. Hudumia meza yako, upate kazi yako, halafu umwambie imekwisha. Usipomwambia wewe, nitapanda hicho kilima nimwambie mwenyewe, mbele ya hao wageni wenu wanaotema."

Akullo alimwaga karai uani, akavaa, akatoka bila kunywa uji.

*

Dawudi alikuwa ameshamtangulia kwenye chumba kidogo cha nyuma ya jiko, anafuta gilasi kwa kitambaa cha pamba, moja moja, akiziinua dirishani kuangalia mwanga. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye kidevu kilichonyolewa vizuri na tabia ya kusogea pembeni ili mtu mwingine apite kwanza. Kwenye rafu ya chini aliweka sahani iliyofunikwa.

"Mkate," alisema. "Najua hujala. Macho yako yamevimba."

"Nilisikika nikitema. Mama mdogo akadhani nina mimba."

Dawudi aliachia gilasi, akaidaka hewani. "Alidhani ya nani?"

"Alikuwa bado anauliza."

Walicheka wote wawili kwa kuziba midomo, kisha wakaangaliana kicheko kikiwa bado usoni, na wala hakuna aliyetangulia kutazama pembeni. Akullo alimega mkate akatafuna. Neno alilotumwa alilete lilikuwa pale pale, nyuma ya ulimi, naye akalimeza pamoja na mkate.

"Tupitie mara ya mwisho," Dawudi alisema, akamimina masalia ya chupa ya jana kiasi cha vidole viwili. "Unaanza na nini?"

"Naishika gilasi kwa mguu wake, si kwa tumbo lake."

"Halafu?"

"Nainamisha juu ya kitambaa cheupe, naangalia ukingoni." Akainamisha. "Umeanza kuwa kahawia. Umezeeka kidogo."

"Nusa."

Aliuzungusha, akanusa kwa mara fupi, akasita.

"Sema."

"Naogopa kukosea."

"Akullo." Hakuwahi kumwita jina hilo. Akullo aliinua uso ghafla, lakini Dawudi alikuwa ameshaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. "Hakuna mtu anayeweza kuingia mdomoni mwako akakuambia umekosea. Mzee Rebello alikuwa anasema hivyo kila siku. Wageni wanataja maua ambayo hata hawajawahi kuyaona. Wewe taja unachokijua. Sema ulichokipata, si unachodhani mimi nataka kukisikia."

"Zambarau," alisema polepole. "Zile zilizoanguka chini zikalala. Na tumbaku ya babu. Na... udongo mvua ikianza."

"Gunia lililolowa?"

"Hapana. Gunia hakuna."

"Basi haujaharibika. Ungeharibika ungesikia gunia, au siki. Onja."

Alionja, akatembeza, akatema kwenye ndoo. "Unatoa mate hapa pembeni kama ukwaju. Halafu unakausha, lakini si kama chai yangu. Kama jani la mpera."

Dawudi alitabasamu kama mtu aliyeletewa zawadi. Yeye mwenyewe hakuwahi kuonja hata tone. Alikuwa mtoto wa msikitini, na alichokijua kuhusu mvinyo alikijua kwa pua na macho, na kwa kumuuliza kila aliyeonja: umepata nini? Hata alipoosha gilasi alifumba midomo. Watumishi wenzake walimtania kuwa anaogopa mvuke utamlevya.

"Ulijuaje jina langu?" Akullo aliuliza kwa sauti ya chini.

"Siku ile ulipoungua na pasi. Ulijisema mwenyewe, 'Akullo, angalia mikono yako.' Ulisema kwa Kilango, lugha ya Lira."

"Muda wote huo unajua?"

"Muda wote huo."

"Na hukusema."

"Nimwambie nani?" Alirudisha kizibo kwenye chupa. "Nenda kavae aproni nyeupe. Na kumbuka, mgeni ndiye anayeonja kwanza. Unamimina kidogo, unasimama, unasubiri neno lake."

*

Meza aliyopewa ilikuwa ile ya dirishani, na aliyekaa pale alikuwa Meja, mkubwa wa jeshi aliyeogopwa na kila mtu pale hotelini.

Bwana Fabiano alipomwona akiingia na wenzake wawili, jasho lilimtoka. Alikuwa amepanga Akullo aanze na wafanyabiashara wa Kikuubo, watu wa kelele lakini wepesi wa kusamehe. Hakuna aliyethubutu kumwambia Meja ahame meza. Bwana Fabiano alimgusa Akullo kiwiko. "Binti yangu, usiharakishe. Mimi niko hapa nyuma ya nguzo."

Akullo alikwenda. Alionyesha chupa, akaifungua vizuri bila mlio, akamimina kidogo. Mpaka hapo kila kitu kilikuwa sawa. Kisha Meja akamtazama.

Hakumtazama kwa ukali. Alimtazama kama mtu anayemtazama mbuzi mnadani, na mikono ya Akullo ikasahau yote iliyofundishwa ikakumbuka ya zamani. Kwao Lira, bibi yake alipopika pombe, watu wakauzunguka mtungi na mirija yao mirefu, mwenye pombe ndiye aliyevuta kwanza. Alivuta mbele ya macho ya wageni, akameza, akafuta mdomo, ndipo mgeni naye akashika mrija wake kwa moyo mweupe. Kumpa mtu kinywaji ambacho wewe hujakigusa ilikuwa kama kumwambia: nina neno moyoni juu yako.

Akullo aliinua gilasi ya Meja, akanywa funda, akameza, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Uma wa mtu uligonga sahani, ukatulia. Nyuma ya nguzo, Bwana Fabiano alifumba macho.

"Wewe nakunywa mvinyo yangu?" Meja aliuliza.

Hapo ndipo Akullo alipoona alichokifanya. Alinyoosha mgongo, akajibu. "Nimeonja, Afande. Ni mzima. Una zambarau na jani la mpera, na hauna harufu ya gunia. Unaweza kunywa."

Meja aliangalia gilasi, akaangalia wenzake, kisha akacheka kicheko kikubwa kilichomfanya kila mtu chumbani acheke kidogo kwa woga.

"Naona huyu? Mke yangu nyumbani hapana kunywa mbele yangu. Mpishi hapana. Nyinyi wawili mnangoja mimi nianze, nione nitakufa ama nitapona!" Wale wawili wakaacha kucheka. "Huyu mtoto nakunywa yeye kwanza. Mimi nataka huyu. Atakaa kwangu, ataonja kila kitu. Wewe mtu ya wapi?"

Akullo alifungua mdomo. Alijua jina lolote la mahali atakalotaja litaleta swali la pili, na la tatu. Na alijua habari za wasichana waliokwenda kukaa nyumba ya Meja, kwa sababu aproni zao alikuwa akizipiga pasi yeye, na hazikuwa na wa kuzivaa tena.

"Afande."

Dawudi alikuwa amesimama kando yake, amesogea kidogo mbele, bega lake likimfunika nusu.

"Afande, huyu bado mwanafunzi. Ananusa vizuri, lakini hajui kutofautisha mvinyo uliotiwa kitu na ambao haujatiwa. Mimi ndiye mwalimu wake. Ukitaka mtu wa kukuonjea nyumbani, chukua mwalimu."

Meja aliegemea kiti. "Wewe mtoto ya Abudu wa Kibuli. Mimi najua baba yako. Nyinyi hapana kunywa hii kitu."

"Nitakunywa."

"Tangu lini?"

"Tangu leo, Afande."

Akullo alitaka kumshika mkono, akauzuia wake kwa kuukunja ndani ya aproni. Meja alijaza gilasi mpaka juu, si kama inavyojazwa gilasi ya mvinyo, akaisukuma mezani.

"Basi kunywa. Hapana tema."

Dawudi aliishika mguu, kama alivyomfundisha Akullo. Midomo yake ilitikisika kidogo, ikisema neno ambalo si la chumba kile. Kisha akanywa yote. Machozi yalimjaa machoni, akameza. Meja akajaza tena. Na tena. Wale wawili walipiga meza kwa furaha, nao wageni wengine waliangalia sahani zao, na Akullo alisimama pale na chupa mkononi, akilazimika kuikabidhi kila ilipotakiwa.

"Mzuri?" Meja aliuliza mwishoni.

"Mzima, Afande."

"Jumatatu gari itakuja kuchukua wewe."

Akullo na Dawudi walipotoka kwenda jikoni, Dawudi alishika ukuta. Bwana Fabiano, ambaye kwa kawaida hakumruhusu mtu kuondoka kabla ya saa, alimvua Akullo aproni kwa mikono yake mwenyewe. "Piteni mlango wa kuni. Mpeleke mahali. Vitambaa nitapiga pasi mimi."

"Nitampeleka kwao Kibuli?"

"Hapana," Dawudi alisema, akiwa ameegemeza paji la uso ukutani. "Si kwa mama. Mama atanusa."

*

Alum alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango, anapepeta simsim, jua la alasiri likimwangukia miguuni. Aliwaona wakija kutoka mbali, binti yake mdogo wa miguu myepesi akimshikilia mwanamume mrefu ambaye kila hatua aliikosea kidogo. Majirani nao waliona. Aliweka ungo chini.

"Huyu ndiye mwalimu?"

"Ndiye, Mama mdogo."

Alum alivuta pumzi, pua ikamwambia yote. "Kumbe mwalimu mwenyewe hatemi."

"Mama mdogo, tafadhali. Tuingie ndani, nitakuambia."

Ndani, Dawudi aliketishwa kwenye mkeka, mgongo ukutani, na Akullo akasimulia akiwa amesimama: meza ya dirishani, funda alilokunywa bila kufikiri, kicheko cha Meja, swali la kwao wapi. Alipofika pale Dawudi aliposema "chukua mwalimu", aliishia hapo. Alum hakumsaidia kumalizia. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono imening'inia, kama mtu aliyeitwa na sauti asiyoitegemea.

"Angekuchukua wewe," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Huyu akaingia katikati."

"Ndiyo, Mama mdogo."

Alum alimgeukia Dawudi. "Wewe. Unanisikia?"

"Nakusikia, Mama. Naona mbili, lakini nasikia moja."

"Watu wenu walimchukua mume wangu."

"Najua, Mama."

"Nani alikuambia? Huyu?"

"Hakuniambia. Akizungumza habari za nyumbani anasema 'tulikuwa'. Tulikuwa tunafanya hivi, tulikuwa tunakula vile. Mtu ambaye wote wako nyumbani hasemi hivyo." Alijaribu kunyooka akaacha. "Nilitamani nije kukupa pole. Nikajiuliza, atauonaje uso wangu mlangoni? Nikaona nisikuongezee."

Alum alikwenda kwenye kona ya vyombo, na Akullo alidhani amekwenda kulia. Lakini alirudi na beseni la maji, na mkononi mwake kulikuwa na kipande cha sabuni. Mwaka ule sabuni ilikuwa adimu. Watu walifua kwa majivu na majani ya mpapai, na kipande kile Alum alikuwa amekiviringisha kwenye kitambaa tangu Pasaka.

"Vua shati."

"Mama?"

"Vua shati nimekwambia. Umejimwagia mvinyo kifuani. Ukienda nalo hivyo kwa mama yako, hata asiponusa mdomo atanusa shati. Anaitwa nani mama yako?"

"Kaltumi."

"Basi Kaltumi hana haja ya kujua kwa shati. Utamwambia mwenyewe kwa mdomo wako, ukiwa tayari."

Alimpa kitenge chake cha maua mekundu ajifunike, na Dawudi akajifunika mabega, akakaa pale na kidevu chake kilichonyolewa vizuri kikichomoza juu ya maua. Alum alimtazama, akageuka upesi akaenda uani na beseni, lakini Akullo aliona mabega yake yakitikisika. Ilikuwa muda mrefu tangu mabega yale yatikisike kwa kicheko.

Wakabaki wawili. Kutoka uani ilisikika sauti ya shati likisuguliwa. Akullo alimwekea uji wa mtama kikombeni, akakaa kwenye mkeka, si karibu sana, wala mbali.

"Umekunywa kwa ajili yangu," alisema.

"Usiseme hivyo. Nitaona kama nakudai, na mimi sikudai."

"Mungu wako atakasirika?"

"Sijui. Nitamuuliza kichwa kikitulia." Alikunywa uji kidogo. "Unajua, nilikuwa nakufundisha vibaya. Pua iliniambia zambarau na tumbaku, lakini haikuniambia kama unashuka na moto mpaka hapa." Aligusa kifua. "Na mwishoni una uchungu. Si mbaya. Kama ule wa majani ya kunde yakipikwa bila karanga. Hakuna hata mmoja wa niliowauliza aliyewahi kuniambia huo uchungu."

"Labda walidhani hutaki kuusikia."

Dawudi alimwangalia, akatabasamu kwa shida. Akullo alikumbuka neno alilotumwa asubuhi. Lilikuwa fupi na rahisi: imekwisha. Alilitafuta ndani yake, akatafuta kwa uaminifu kabisa, kama alivyotafuta gunia ndani ya gilasi. Halikuwepo.

"Nami nikuambie nilichokipata," alisema, na safari hii hakuogopa kukosea. "Nakupenda, Dawudi. Nilikupenda tangu siku ambayo hukuniuliza kwetu. Nimeambiwa leo nikuache, na nilipanda kilima nikiwa na neno la kukuacha, na sikuweza kulisema hata nilipokuwa peke yangu njiani. Sasa unakwenda kule na mimi ndiye niliyekupeleka. Lau nisingegusa gilasi ile..."

"Lau usingeigusa, angetafuta sababu nyingine. Alikuwa amekutazama."

"Utarudi?"

Hakujibu haraka, na Akullo alimshukuru kwa hilo, maana mwongo angejibu haraka. "Nitaonja kidogo kidogo," alisema. "Nitanusa sana. Akichoka nami, nitatoka. Mimi mtu wa kusogea pembeni, anayenitazama anasahau kama nipo." Alitoa mkono nje ya kitenge, akauweka juu ya mkeka, kiganja juu, bila kumvuta. Akullo akauweka wake juu yake. Mikono yote miwili ilikuwa na makovu ya kazi; wa mmoja pasi, wa mwingine gilasi zilizovunjika. "Na mimi nakupenda. Ningelisema siku nyingi, lakini nilitaka ulisikie toka kwa mtu ambaye hajalewa. Sasa tazama."

"Nitalisikia tena siku nyingine."

"Utalisikia."

Walikaa hivyo mpaka uji ulipopoa kikombeni. Sauti ya kusugua uani ilikuwa imekoma zamani, lakini Alum hakuingia. Akullo alijua shati halichukui muda wote huo kuanikwa. Mama mdogo alikuwa amekaa nje kwa makusudi, akiwapa ule muda mdogo, huku akimwambia jirani mmbeya aliyekuja kuchungulia kwamba ndani hakuna cha kuona, kuna mgonjwa.

Jua lilipoanza kushuka, shati lilikuwa na unyevu kwenye mishono tu. Lilinuka sabuni. Dawudi alilivaa, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akakunja kitenge kwa uangalifu, pembe kwa pembe, akamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili. Sasa alisimama bila kushika ukuta. Siku zile hakuna aliyependa giza limkute njiani.

"Asante, Mama. Samahani kwa siku yako."

Alum alipokea kitenge, akakibana kifuani. Akullo alikuwa nyuma yake, akisubiri neno kali kama la alfajiri litoke: usirudi hapa. Dawudi naye alilisubiri. Aliinamisha kichwa kidogo ili apite chini ya kizingiti, akageukia upande wa uchochoro wa nyuma, ule wa mitaro, ambako wasiotaka kuonekana hupita.

"Si huko," Alum alisema.

Dawudi akasimama.

"Pita mbele. Pita pale kwenye watu, uwasalimie." Sauti yake ilikuwa kavu, kama mtu anayetoa maagizo ya kuni. "Jumapili uje. Mchana, baada ya misa. Nitapika malakwang, mboga chachu ya kwetu, kama mnakula."

"Tunakula, Mama. Lakini Jumatatu naanza kwa Meja."

"Nimesikia. Ndiyo maana nakwambia uje. Na Jumapili itakayofuata hiyo, uje tena, Dawudi. Usikose kuja."